Maji Yaliyopanda Upande Mmoja

Mjomba wangu hajawahi kukanyaga ofisi ya chama chochote cha Kenya. Kadi ya chama amekuwa nayo moja tu maishani, ya TANU, ambayo mwaka 1977 aliibadilisha ikawa ya CCM, na hata hiyo anasema ilibaki kwenye sanduku lililoliwa na mchwa. Lakini Oktoba 2025, siku mwili wa Raila Odinga ulipofikishwa uwanjani Mamboleo, Kisumu, nilimkuta Kirumba kwa binti yake amekaa mbele ya televisheni tangu asubuhi. Chai ilikuwa imepoa mpaka imefanya utando. Kila kamera ilipouzungukia umati, alikuwa akitamka neno moja kwa sauti ya chini: "Dume."

Nikamwamkia, nikakaa. Nilidhani anamsifu marehemu.

"Huyu ni mtoto," akasema. "Dume lilikuwa la baba yake."

Mjomba alifanya kazi jikoni kwenye meli ya Victoria. Hakuwa mpishi, na hapendi watu wamkuze: alimenya viazi, akasugua masufuria, akabeba sinia za watu wa daraja la kwanza. Meli hiyo iliingia kazini mwaka 1961, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ikizunguka ziwa zima kana kwamba nchi tatu ni mitaa mitatu. Baadaye Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 meli ikabaki kwetu, na Kisumu ikawa ng'ambo. Kabla ya hapo mjomba aliijua Kisumu kama mimi ninavyoijua Makoroboi. Alijua nani anakopesha, nani anauza ngege mzuri. Ngege ndiye sato wetu. Mjomba bado anashikilia kwamba wa kwao walikuwa watamu zaidi, neno ambalo hapa Mwanza ni hatari kulitamka mbele ya watu.

Miaka mingi nilikuwa nikimsikia akitaja "chama cha fahali" na sikuwa nikimtilia maanani. Wazee wa melini wana hadithi nyingi. Siku ile, kwa sababu msiba ulikuwa mrefu na umeme haukukatika, nikamwacha azungumze, halafu usiku nikaenda kusoma mwenyewe. Tulichobishana tangu siku hiyo ndicho kilichonifanya niandike.

Chama chenyewe ni KPU, Kenya People's Union. Leo mtu angesema ni chama cha mrengo wa kushoto. Nilipomtamkia mjomba maneno hayo aliuliza kama ni winga wa timu ya Pamba.

Ugomvi ulioizaa KPU ulikuwa wa ardhi. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Jomo Kenyatta akawa mkubwa wa nchi, na Jamhuri ilipotangazwa mwaka uliofuata, Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila, akawa makamu wake. Wazungu wa nyanda za juu walikuwa wanaondoka. Mashamba yao yauzwe au yagawiwe? Serikali ikasema yauzwe, kwa mikopo iliyotoka Uingereza, na yule aliyekaa msituni akipigania ardhi hiyo naye apange foleni na pesa mkononi. Odinga, Bildad Kaggia na wenzao wakauliza mtu anakinunuaje kitu alichoibiwa. Walitaka pia elimu bila ada, na nchi isiyokwenda kuomba ruhusa London wala Washington kila inapotaka kugeuka.

Kaggia huyu alifungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, ile ya Mau Mau. Mwaka 1965, kwenye mkutano wa hadhara huko Kandara, jimboni kwake mwenyewe, Kenyatta alimsimanga mbele ya watu: wenzako tuliotoka nao gerezani wana nyumba na mashamba, wewe umejifanyia nini? Kila nikiisoma habari hiyo naona haya kwa niaba ya uwanja mzima. Mtu aliyekataa kujilimbikizia anaulizwa kama vile amekutwa na kosa.

Mambo yakaenda mbio. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mwanamikakati wa kambi ya Odinga, alipigwa risasi Nairobi. Machi 1966 mkutano wa KANU, chama tawala, huko Limuru ukakipasua kiti cha makamu wa rais wa chama vipande 8, kila mkoa kipande chake, ili Odinga asiwe na pa kukalia. Mwezi uliofuata akajiuzulu na kuhamia KPU. Wabunge waliomfuata wakatungiwa sheria papo hapo, kwamba anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Juni 1966 majimbo 29 yakapiga kura katika kile kilichoitwa uchaguzi mkuu mdogo. KPU ikapata kura nyingi kwa jumla kuliko KANU, na viti 9.

Viti 9 kati ya 29. Kaggia aliangushwa Kandara. Achieng Oneko, mwingine wa Kapenguria, akaangushwa Nakuru. Ngome iliyosimama ikawa Nyanza, ufukweni mwa ziwa letu. Nitarudi hapo, maana ndipo mimi na mjomba tulipoachana njia.

Yeye hana habari na viti. Kipimo chake ni makuli wa gati la Kisumu. Anasema makuli walipokuwa wakiinua mzigo mzito, mmoja alianzisha na wengine wakaitikia "Harambee!" Neno hilo ni la wabebaji mizigo tangu zamani, Kenyatta ndiye aliyelichukua akalifanya wito wa taifa. Alama ya KPU ilikuwa fahali, na wito wao "Dume!" Mwaka 1966, anasimulia mjomba, ungelisikia neno hilo kilabuni, mtu akishalewa. Mwaka 1968 likawa la utani. Na mwaka 1969 alisimama kwenye mlango wa jiko la meli, kisu mkononi, akasikia gunia likipandishwa begani kwa "Dume!" mchana kweupe, askari wa bandari wakiangalia pembeni.

"Ukiona kuli amebadilisha neno la kubebea mzigo," aliniambia, "ujue serikali imekwisha."

Nakiri sijawahi kusikia kura ya maoni iliyo nzuri kuliko hiyo. Mtu anayenyanyua kilo tisini hasemi uongo, pumzi haimtoshi.

Na kumbukumbu za maandishi zinamuunga mkono, angalau kwa upande ule wa ziwa. Mwaka 1968 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wa KPU wakapeleka fomu zao, na fomu zikakataliwa nchi nzima, eti hazikujazwa sawasawa. KANU ikapita bila kupingwa. Sasa jiulize: chama kinachokufa chenyewe kinahitaji kukaguliwa fomu namna hiyo? Kaggia alikuwa ameshafungwa mwaka huohuo kwa kuhutubia mkutano usio na kibali. Januari 1969 Argwings-Kodhek, waziri na mbunge wa Gem, akafa kwa ajali ya gari. Mei ukaitishwa uchaguzi mdogo, na safari hii fomu zikapokelewa. Wasonga Sijeyo wa KPU akamshinda mgombea wa KANU. Uchaguzi mkuu ulikuwa unasubiriwa, wa kwanza tangu uhuru. Makuli wakawa hawakamatiki.

Halafu tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya akauawa kwa risasi Nairobi, mchana, akitoka dukani. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU. Ndiye aliyempangia Odinga kaburi la kisiasa kule Limuru. Kwa hesabu ya vyama kifo chake hakikuihusu KPU. Lakini alikuwa Mjaluo, akazikwa Rusinga, kisiwa kilicho pale ghuba ya Winam inapofungukia ziwa kuu, na meli zote za kwenda na kutoka Kisumu hupita karibu yake. Mjomba anasema baada ya maziko, walipokuwa wakipita Rusinga, mabaharia wa Kisumu walikuwa wanatoka na kusimama upande ule bila mtu kuwaita. Wale waliokuwa wakimtukana Mboya mwaka mzima nao wakatoka.

Tangu hapo kila Mjaluo akawa Dume. Na ndipo mjomba hudai kwamba uchaguzi ungefanyika siku hiyo, Odinga angekuwa rais.

Mimi nakataa.

Bunge la Kenya la mwaka huo lilikuwa na viti 158 vya kuchaguliwa. Hata KPU ingezoa kila jimbo la mwambao wa ziwa, ingebaki mbali na ikulu. Kandara hakuna ziwa. Yule aliyeulizwa umejifanyia nini, Kaggia, mtu wa Murang'a aliyekuwa daraja kati ya chama na maskini wa Kikuyu, alirudi KANU mwaka huohuo wa 1969. Na kule Gatundu watu walikuwa wanapakiwa kwenye malori usiku kwenda "kunywa chai", yaani kula kiapo kwamba bendera haitatoka nyumba ya Mumbi, yaani kwa Wakikuyu. Msiba wa Mboya uliijaza KPU watu, na watu waliojaa walikuwa walewale ambao chama kilikuwa nao tayari, pamoja na shangazi zao. Hoja ya ardhi haikumfikia mtu hata mmoja mpya. Chama kilikuwa kinanenepa, na mjomba akadhani kinakua.

Nilimpa mfano wa kwake mwenyewe. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Yeye alikuwepo: mashamba ya ufukweni yalimezwa Mwanza, Kisumu na upande wa Uganda, kote, kwa kimo kilekile. Huko ndiko kupanda. Lakini kuna siku nyingine upepo ukivuma kwa nguvu ghubani, maji husukumwa yakajazana ufukwe mmoja, mitumbwi ya huku inaelea mpaka milangoni huku ya ng'ambo imekaa kwenye tope. Mgeni akisimama huku atasema ziwa limejaa. Mvuvi atamuuliza upepo unatoka wapi.

Mjomba akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Kumbe shule mlikuwa mnasoma." Kwa watu wa kwetu hiyo ni sifa na tusi kwa pamoja.

Halafu akanirudi. Kama ulikuwa upepo tu, akasema, mbona walikifuta?

Swali hilo silikwepi. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, msaada ambao Odinga alikuwa na mkono ndani yake. Mpaka leo watu wa Kisumu wanaiita "Russia", ingawa sasa kibaoni imeandikwa jina la Jaramogi. Wazee wawili wakarushiana maneno jukwaani. Umati ukapiga kelele za Dume, mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Wanasema ni wengi zaidi. Siku 5 baadaye, tarehe 30 Oktoba, KPU ikapigwa marufuku. Odinga akawekwa kizuizini mpaka Machi 1971, Oneko mpaka 1975. Desemba wakapiga kura, wagombea wa KANU wakishindana wenyewe kwa wenyewe.

Victoria ilifunga gati Kisumu siku chache baada ya risasi. Mabaharia wa Mwanza wakaambiwa wasishuke. Mjomba anakumbuka mizigo ikipakiwa na makuli haohao, magunia yaleyale, na hakuna aliyetoa neno. Wala Harambee wala Dume. "Walikuwa wanahema tu," alisema.

Kwa hiyo mbona walikifuta? Nadhani kwa sababu mtawala hasubiri kuhakikisha kama ni mafuriko au upepo. Yeye anaona maji mlangoni. Inawezekana pia kwamba mimi, kwa kukaa na hesabu za viti miaka zaidi ya 50 baadaye, ninaona mwisho wa mambo na kuudhani ulikuwa umeandikwa. Upepo hugeuka. Wapo waliokosa ardhi Rift Valley na Pwani ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kulisikia jina la Kaggia karatasini. Hilo namuachia mjomba.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi huku tulikuwa na mambo hayohayo yaliyowafunga wao, tena kutoka juu. Februari 1967 Mwalimu alitangaza Azimio la Arusha: mabenki yakataifishwa, viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Swali ambalo Kenyatta alimuuliza Kaggia kwa dharau, kwetu likawa sharti la uongozi. Baharia akitoka Mwanza asubuhi alikuwa mjamaa mwema. Akishuka Kisumu na maneno yaleyale mdomoni angeweza kulala ndani. Ila Mwanza nako hukuwa na chama cha kuchagua, kulikuwa na kimoja. Mwaka 1965 tulipewa wagombea wawili wawili wa TANU, mmoja jembe na mmoja nyumba, picha kwa ajili ya wasiojua kusoma, na Mwanza ikamwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa kwenye ushirika tangu enzi za mkoloni. Mjomba alipiga kura siku hiyo. Hakumpigia Bomani, na hajutii. Makato ya pamba ya baba yake anayakumbuka kwa senti.

Nyote mnajua kwamba Oktoba ile, wakati sisi tunatazama msiba wa Kisumu, kwetu zilikuwa zimebaki siku chache kufika tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu. ACT-Wazalendo ndicho chama chetu kinachojiita cha ujamaa bila kuona haya. Kilizaliwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata kikatoa Azimio la Tabora, kikisema kinalihuisha lile la Arusha. Nacho kina ugonjwa wa unene. Alipoingia Maalim Seif, mwanasiasa mkongwe wa Zanzibar, mwaka 2019, Pemba nzima ilihama naye, lakini huku bara mgombea wake wa urais hajawahi kufikisha asilimia 1, wala mwaka 2015 wala 2020. Halafu Agosti 2025 akahamia Luhaga Mpina, mtoto wa Usukumani, akapewa bendera ya urais. Kwa wiki kadhaa nilisikia watu Buhongwa na Nyegezi, watu wasiojua ACT ni kifupi cha nini, wakilitaja jina. Nilianza kusikiliza wabeba mizigo wa soko la Mwaloni wanaitikiaje. Jina likaondolewa na Tume ya Uchaguzi, mahakama ikalirudisha, Tume ikaliondoa tena kabla Septemba haijaisha. Fomu.

Kama yalikuwa maji au upepo, hatutajua. Niliyasema hayo kwa mjomba akaninyamazisha kwa mkono, maana jeneza lilikuwa linapitishwa. Uwanja waliouweka mwili wa mtoto wa Jaramogi unaitwa Jomo Kenyatta. Sikujua kama mjomba ameliona hilo. Aliliona, alicheka puani kidogo.

Tulipokuwa tunakula jioni ndipo akanitolea kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Baada ya uchaguzi wa Gem, kuli mmoja aliyekuwa akidaiwa naye sukari alimlipa kwa samaki wakavu, wamefungwa kwenye karatasi ya kampeni. Karatasi ilikuwa na picha ya fahali, mkubwa, amesimama ubavu. KPU ilipofutwa, mpishi mkuu akapita jikoni akiwaambia yeyote mwenye kitu cha wale watu akitupe majini kabla ya Musoma. Mjomba akakumbuka karatasi. Hakuwa nayo. Ilikuwa Misungwi, kwa bibi yangu, pamoja na samaki.

Alifika nyumbani wiki mbili baadaye, anatetemeka. Akaikuta imebandikwa ukutani kwa uji wa muhogo, kando ya picha ya Mwalimu. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa ameona ng'ombe mzuri.

"Nikamwambia mama, bandua. Akasema kwa nini. Sasa nianzie wapi?"

Haikubanduliwa. Ilikaa pale miaka mitano, mpaka Operesheni Vijiji ilipowahamisha na nyumba ikaachwa na kuta zake. Mgeni aliyemtia mjomba hofu kuliko wote alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwana-TANU wa kweli, aliyekuja jioni moja kukusanya michango. Alisimama mbele ya ukuta, akamtazama Mwalimu, akamtazama fahali, akasogea karibu, akainama kulikagua nundu. Mjomba anasema alihisi miguu imekuwa maji.

Balozi akageuka akamuuliza bibi dume hilo ni la nani, na kama wanaliuza.